Mafundi wanaisifu programu yetu ya sauti, wengine wanaifungua mara moja tu: tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Tuko vijana wanne hapa Arusha, tunatengeneza programu huria (ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote) ya kurekodi na kuhariri sauti. Mafundi mitambo wa redio wameipenda, na maombi yao tunayafanyia kazi karibu kila mwezi. Tatizo ni watu wa kawaida: wanakwaya, walimu, vijana wa podikasti. Wanaipakua, wanaifungua mara moja, hatuwaoni tena. Tuliweka kitufe cha "Toa maoni". Kwa miezi minane tumepata jumbe 11, na tisa kati ya hizo ni za mafundi walewale. Mwenzetu mmoja anataka tupunguze vitufe. Mwingine anataka toleo dogo la pili kwa wasio wataalamu. Mafundi nao wameshaanza kunung'unika kwamba tutawaharibia kazi. Wewe ungeanzia wapi?

Jibu: Marahaba, wadogo zangu. Nitaanza na hizo jumbe 11, kwa sababu nusu ya jibu imo humo.

Miaka kadhaa iliyopita katibu wa kwaya moja alinijia na fleshi mkononi. Walikuwa wamerekodi nyimbo sita, Jumamosi nzima, na maiki nzuri ya kuazima wameisimamisha mbele ya waimbaji. Laptopu ilikuwa juu ya kinanda. Kila kitu kilionekana kwenda sawa: mawimbi yanacheza kwenye skrini, saa inahesabu. Nilipofungua faili nikasikia feni ya laptopu, karibu kabisa na sikio, na kwa mbali, kama watu walioko nyumba ya jirani, kwaya. Programu ilikuwa imerekodi kwa ile maiki ndogo iliyomo ndani ya laptopu. Maiki ya kuazima ilikuwa imechomekwa tu, hakuna aliyeichagua. Jina lake lilikuwepo, kwa herufi ndogo, ndani ya menyu ambayo hakuna aliyejua kwamba inafunguka.

Nikamuuliza kama amewaandikia waliotengeneza programu ile. Akanitazama kama nimemuuliza kitu cha ajabu. "Niwaandikie nini, fundi? Kosa ni letu, hatuyajui mambo haya."

Mimi yangenikuta hayo ningewaandikia usiku uleule, tena kwa hasira. Fundi kitu kikimshinda huilaumu programu, kwa kuwa anajua kilitakiwa kufanya nini. Mtu wa kawaida hujilaumu mwenyewe, na anayejilaumu hawezi kulalamika. Kwa hiyo kitufe chenu cha maoni hakijaharibika. Kinafanya kazi yake vizuri sana ya kuwachuja watu: wanaojiamini wanapita, wengine wanabaki nje. Mkiendelea kuongozwa na kinachoingia kupitia kitufe hicho, kila mwezi programu itazidi kuwa ya mafundi, na nyinyi mtaamini kabisa kwamba mnawasikiliza watumiaji. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenu ni wale walioifungua mara moja.

Basi kabla hamjagusa kitufe hata kimoja, nendeni mkakae nao. Msiite mkutano wala msigawe dodoso. Mtu mmoja, laptopu yake mwenyewe, maiki yake mwenyewe (au simu yake, kama ndiyo anayotumia), na kazi moja: "Rekodi wimbo mmoja, kisha nitumie kwa WhatsApp." Halafu nyamazeni. Hapo ndipo vijana wengi wa programu hushindwa. Mkono unawasha, wanataka kuonyesha: "Bonyeza hapo juu kulia!" Ukishasema hivyo umeyatupa maoni uliyoyafuata. Andika tu alipokwama, alikwama kwa muda gani, na neno alilolitamka alipokwama. Hilo neno ni mali, nitalirudia baadaye.

Jakob Nielsen, ambaye amefanya utafiti wa namna watu wanavyotumia programu kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, kwa sababu baada ya hapo unaona yaleyale yakijirudia. Kwa uzoefu wangu ni kweli, ila wawe watano wa aina moja. Wanakwaya watano, mrekebishe, kisha walimu watano. Mkichanganya wote siku moja mtarudi na fujo.

Nimeshakaa vikao vya namna hii mara nyingi kiasi kwamba naweza kuwaambia sasa hivi mtakachokiona. Bado nendeni, maana kuambiwa na kuona ni vitu viwili.

Cha kwanza, watakwama kabla hawajarekodi chochote. Programu nyingi za kifundi zinamsalimia mgeni kwa maswali: draiva gani (programu ndogo inayoendesha kadi ya sauti), kifaa gani cha kuingiza, kifaa gani cha kutoa, sampo reti 44,100 au 48,000 (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde), bafa ya ukubwa gani (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa). Kwa fundi hayo ni maswali ya kawaida kama kuulizwa nauli. Kwa mwalimu wa Kiswahili anayetaka kurekodi shairi ni mtihani asioujua hata somo lake.

Mfano mzuri ni Ardour, programu huria ya kurekodi iliyoanzishwa na Paul Davis, mmoja wa waandishi wa kwanza kabisa wa programu pale Amazon. Kwa miaka mingi, ili Ardour itoe sauti kwenye Linux ilibidi kwanza uwashe mtambo mwingine unaoitwa JACK, ambao Davis huyohuyo aliuandika ili programu mbalimbali za sauti ziunganishwe kwa nyaya za ndani ya kompyuta. Kwa mhandisi, JACK ni zawadi. Kwa mgeni ilikuwa ukuta: anafungua programu ya kurekodi, anaambiwa mtambo asioujua haujawashwa. Toleo la 4, mwaka 2015, ndilo lililoiruhusu Ardour izungumze na kadi ya sauti moja kwa moja. JACK haikuondolewa, anayeitaka bado anayo. Kilichoondolewa ni sharti la kuijua kabla hujaimba. Shikeni hapo, kwa sababu ndipo ugomvi wenu na mafundi utakapotatuliwa.

Kwenu ningefanya hivi: programu ikifunguka, ichague yenyewe maiki iliyochomekwa mwisho, iandike jina lake kwa herufi kubwa katikati ya skrini, na ionyeshe mstari unaoruka mtu anapoongea. "Ongea. Unaona mstari unaruka? Hii ndiyo maiki unayotaka?" Ndiyo au hapana. Hata kama programu ingekosea kuchagua, katibu wangu angegonga maiki kwa kidole, angeona mstari hauruki, na Jumamosi yake ingepona. Na niwaambie siri: mafundi wataipenda pia. Nimewaona watu wenye miaka kumi kazini wakirekodi kutoka maiki isiyo yenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Cha pili ni kuchelewa kwa sauti. Mwimbaji anavaa hedifoni, anaimba, anajisikia akirudi nyuma yake kama mwangwi, anapoteza mapigo, anafunga programu. Hesabu yake mnaijua: bafa ya sampuli 1,024 kwa sampo reti ya 48,000 ni takriban milisekunde 21 kuingia, na nyingine kiasi hicho kutoka, kabla hujahesabu draiva. Kwa 128 ni chini ya milisekunde 3 kila upande. Fundi anajua kushusha bafa anaporekodi na kuipandisha anapomiksi. Mtu wa kawaida hajui kwamba kuna kitu cha kushusha. Na siku hizi kuna balaa jingine: hedifoni za Bluetooth, ambazo mara nyingi zenyewe tu huchelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100. Hapo hakuna bafa itakayokuokoa. Programu inaweza kutambua kwamba sauti inatokea kwenye Bluetooth na kumwambia mtu kwa lugha ya kibinadamu: "Hedifoni hizi zitachelewesha sauti. Kwa kurekodi tumia za waya." Sentensi moja tu. Sijui kwa nini programu nyingi zinaona aibu kuisema.

Cha tatu kitawachekesha, kisha kitawauma. Mtu amerekodi vizuri, anafurahi, anabonyeza Hifadhi, anachukua faili, analituma kwa WhatsApp, na kule linakofika halifunguki. Ametuma faili la mradi, yaani la kazi inayoendelea, ambalo hufunguka ndani ya programu yenyewe tu. Sisi tumezoea kwamba mradi ni kitu kimoja na wimbo ni kitu kingine. Yeye kwake amerekodi wimbo, amehifadhi wimbo. Audacity, ambayo Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg waliianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, na ambayo pengine ndiyo programu ya sauti iliyowafikia watu wengi zaidi wasio mafundi, imepambana na jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Hadi mwaka 2021 mradi wake ulikuwa faili dogo pamoja na folda ya data pembeni. Ukikopi faili bila folda, umekopi jina tu. Toleo la 3.0 likaviunganisha vyote kuwa faili moja. Na hadi mwaka 2019 ukitaka kutoa MP3 ilibidi uende ukatafute kipande kingine kinachoitwa LAME, ukisakinishe mwenyewe, kwa sababu ya masuala ya hataza. Fikirieni mama wa shule ya Jumapili akiambiwa atafute LAME.

Kuna na mdundo wa kuhesabia, huo nitaupitia haraka: mradi mpya ukifunguka na metronomu ya mapigo 120 kwa nne nne, kwaya inayoimba kwa kufuata mkono wa mwalimu haina shida nayo kabisa. Zimeni. Mwenye kutengeneza biti anajua kuiwasha.

Sasa nirudi kwenye mabishano yenu wenyewe.

Toleo dogo la pili, hapana. Mko wanne. Mtakuwa na nyumba mbili za kupaka rangi na ndoo moja. Na hata wenye ndoo nyingi wamejikwaa. Avid, watengenezaji wa Pro Tools, programu kubwa ya studio, walitoa Pro Tools First mwaka 2015, toleo la bure la kuwavuta wanaoanza, lakini miradi iliwekwa kwenye wingu, na bure ilikuwa miradi mitatu tu. Kwa mtu anayenunua bando la siku, kuweka kazi yake ya sauti kwenye wingu ni kama kumwambia aiweke kazi yake mwezini. Baadaye waliliondoa, na mwaka 2022 likaja Pro Tools Intro, ambalo lina mipaka yake lakini linahifadhi kwenye diski yako mwenyewe. Toleo dogo likishakuwa la kumnyima mtu, analijua siku ya kwanza.

Apple walifanya kwa akili zaidi. Waliinunua Emagic ya Ujerumani, waliokuwa watengenezaji wa Logic, programu ya kurekodi ya mafundi, mwaka 2002, na Januari 2004 wakatoa GarageBand, ya wanaoanza. Kinachonivutia ni kwamba mradi wa GarageBand unafunguka ndani ya Logic. Kijana anaanza na mlango mdogo, siku akikua anaingia sebuleni na mizigo yake yote. Na Logic yenyewe ina swichi moja kwenye mipangilio: ukiizima, vitu vingi vya kifundi vinajificha, ukiiwasha vinarudi. Nyinyi hamhitaji programu mbili, mnahitaji swichi kama hiyo, na iwe moja. Zikiwa saba mtakuwa mmemrudishia mgeni mtihani wake.

Kupunguza vitufe pia hapana, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mwenzenu ana nia njema. Nendeni kanisa lolote lenye miksa kubwa. Kuna njia 16, labda 24, vitufe vya kuzungusha kama mahindi kwenye gunzi. Anayeiendesha Jumapili mara nyingi si fundi. Ni kijana wa kwaya, au mzee wa kanisa aliyejitolea. Haogopi, kwa sababu fundi aliyefunga mitambo alibandika utepe wa karatasi chini ya fada (vitufe vya kutelezesha vya kupandisha na kushusha sauti) na kuandika kwa maka peni: MCHUNGAJI. KWAYA 1. KINANDA. USIGUSE. Yule mzee anashusha KWAYA 1 mahubiri yakianza, anapandisha MCHUNGAJI, basi. Vitufe vingine vyote vipo, havimhusu, havimtishi. Fundi akija Pasaka na vyombo vya ziada anavikuta palepale alipoviacha.

Programu yenu imekosa utepe. Ukimpa mtu skrini yenye vitufe vinne visivyo na maana kwake, amekwama sawasawa na mwenye arobaini.

Na utepe ni maneno, ndiyo maana niliwaambia muandike neno alilolitamka. Mkitafsiri programu kwa Kiswahili, msikae ofisini na kamusi. Nimeona tafsiri iliyoandika "kipaza sauti" mahali pa maiki na "kipaza sauti" mahali pa spika, kwa sababu kamusi inaruhusu yote mawili. Mtu aliyeona hivyo akaniuliza, "Kwa hiyo nachagua kipaza kipi?" Semeni maiki, semeni spika, kila mtu anajua. Nimeona pia kitufe kilichoandikwa "Safirisha" kwa ajili ya kutoa faili. Mama mmoja akacheka: "Nisafirishe kwenda wapi?" Alichokuwa anakitafuta alikitaja mwenyewe, nami nikakiandika kwenye daftari: "Ya kutuma." Basi wekeni kitufe kimesema "Tengeneza MP3 ya kutuma", na cha mradi kiseme "Hifadhi ili uendelee baadaye". Ni marefu, najua. Mafundi wenu watayaona ya kitoto. Wao hata hawabonyezi kitufe, wana vidole kwenye kibodi.

Hapo tunafika kwa mafundi, ambao manung'uniko yao msiyadharau. Fundi mitambo aliyebakiwa na dakika mbili kabla ya taarifa ya habari hatazami skrini yenu. Vidole vinakata, vinabandika, vinatoa faili, kwa kumbukumbu ya mkono. Ukihamisha njia yake ya mkato ya kibodi kwa sababu mwanakwaya alichanganyikiwa, umemvunja mkono. Sheria ningeiandika ukutani: njia za mkato haziguswi, mpangilio wa aliyekwisha kupanga hauguswi, mabadiliko ya skrini ya mwanzo yanampata anayefungua kwa mara ya kwanza tu. Waambieni mafundi hivyo wazi, kwa maandishi, na nusu ya manung'uniko itaisha wiki hiyohiyo.

Lakini wasikilizeni kwa sikio jingine. Fundi huleta dawa, haleti ugonjwa. Atasema, "Ongezeni dirisha la kuchagua aina sita za kufifisha sauti." Muulize alikuwa anafanya nini alipolitamani. Mara nyingi utakuta tatizo ni kwamba kipande kikikatwa kinalia "tik" pale kilipoungwa, na dawa ni programu kufifisha milisekunde chache yenyewe bila kuuliza. Mtu wa kawaida naye huleta ugonjwa bila jina: "sauti inakwaruza". Inaweza kuwa bafa ndogo mno, inaweza kuwa waya, inaweza kuwa aliimba kwa nguvu mpaka taa nyekundu ikawaka. Kazi yenu ni kuutafuta ugonjwa kutoka pande zote mbili.

Msidhani wakubwa husikia upesi. Kabla ya toleo la 11 la mwaka 2013, kutoa wimbo kutoka Pro Tools ilibidi kufanyike kwa muda uleule wa wimbo: kipindi cha saa moja, unakaa saa moja unakisikiliza. Washindani walikuwa wanafanya hivyo kwa dakika chache zamani sana, na watumiaji waliomba miaka nenda rudi. Upande mwingine kuna REAPER, programu ya kurekodi ya Justin Frankel, yule aliyeandika Winamp, programu ya kusikilizia muziki. Kampuni ndogo, faili la kusakinisha dogo, matoleo ya majaribio yanatoka mara kwa mara na watumiaji wanayatia mkononi kabla hayajakomaa. Tena waliacha mlango wazi kwa watu wengine kuongeza vipande vyao. Kupitia mlango huo kikapatikana OSARA, kiongezi huria kinachomwezesha asiyeona kuitumia REAPER kwa programu ya kusoma skrini. Kilianzishwa na James Teh, mmoja wa waasisi wa NVDA, programu huria ya kusoma skrini, ambaye yeye mwenyewe haoni. Hakuna kikao cha watu wanaoona ambacho kingeifikia orodha ile ya marekebisho. Kama mna mwanamuziki asiyeona Arusha, na nina hakika wapo, mwalikeni mapema. Anaijua sauti kuliko sisi wote, na kila kitufe chenu kisicho na jina atakikamata.

Mfano mwingine wa kumvuta mlalamikaji ndani: Martin Keary alijulikana kwa video zake za kuzichambua programu za kuandika nota, akiukosoa muundo wake bila huruma. Alipoikosoa MuseScore, mojawapo ya programu hizo, walimwajiri aongoze usanifu wake. Baadaye, Audacity ilipoingia chini ya Muse Group, kampuni yenye MuseScore, mwaka 2021, akakabidhiwa na hiyo.

Na hapohapo kwenye Audacity kuna onyo la kuwaokoa. Mtashawishika kusema, kwa nini tukae na watu Jumamosi wakati programu inaweza kutuhesabia yenyewe nani alibonyeza nini? Mei 2021 lilitolewa pendekezo la kuweka ndani ya Audacity mfumo wa kukusanya takwimu za matumizi kupitia huduma za Google na Yandex. Ulikuwa wa hiari, umezimwa mpaka mtu akubali. Haikusaidia. Watu waliwaka moto, pendekezo likaondolewa. Julai likaja tangazo la faragha lenye maneno kuhusu kutoa data kwa vyombo vya dola na kuwazuia walio chini ya miaka 13, moto ukawaka upya, wakaomba radhi na kuliandika tena. Nadhani waliokasirika walizidisha, lakini waliokosea hatua ni wenye programu: walianza kupima kabla hawajaaminika. Programu ya kurekodi ina maiki ya mtu mkononi. Ikituma chochote nje bila yeye kukiona, hata namba ya toleo, atajiuliza inatuma nini kingine. Tena takwimu zingewaambia katibu alibonyeza Rekodi na akarekodi saa tano. Kwenye jedwali lenu angeonekana mtumiaji mwenye furaha.

Kuna kundi jingine lililo kimya ambalo sisi huku tunalijua vizuri kuliko Wazungu: watu wa kraki. Studio nyingi za mitaani nilizopita, programu kubwa iliyoko kwenye kompyuta haikununuliwa. Mwenye kraki hawezi kuripoti hitilafu, hathubutu hata kusasisha. Kwa hiyo prodyuza wa huku, mwenye miaka kumi ya ufundi, kwa watengenezaji hayupo duniani. Nyinyi mna bahati, programu yenu ni huria. Lakini nimeulizwa zaidi ya mara moja kuhusu programu huria, "Hii ni kraki au orijino?" Andikeni kwenye skrini ya kwanza kabisa, kwa Kiswahili, kwamba ni ya bure kihalali na kwamba malalamiko yanapokelewa. Wengine hawajui kwamba wanaruhusiwa.

Na kitufe chenu cha maoni msikitupe, kibadilisheni. Kikibonyezwa sasa nadhani kinafungua fomu inayotaka barua pepe na maelezo. Nyinyi mnatengeneza programu ya kurekodi! Kibonyezwe, mtu aongee sekunde 30, kama anavyotuma sauti kwa WhatsApp kila siku: "Mimi nimerekodi lakini nasikia feni tu." Programu iambatanishe jina la maiki iliyotumika, draiva na ukubwa wa bafa, imwonyeshe mtu yote yanayokwenda, aweze kuyafuta. Kama hana bando, isubiri mpaka apate. Mtu ambaye asingeandika sentensi mbili atawaongelea dakika nzima, na mtasikia kwa masikio yenu feni yenyewe.

Kisha mjibu, kwa sauti vilevile. "Tumesikia, toleo lijalo litakuuliza maiki kabla hujaanza." Akijibiwa mara moja tu, ataileta kwaya ya pili.

Kwa Jumamosi ya kwanza chukueni ekstensheni ya umeme, daftari, na mmoja wenu tu aende, asiwe yule aliyeandika skrini ya mwanzo, maana hatavumilia. Akae nyuma ya bega, mbali na kibodi. Mkirudi nipigieni picha kurasa za daftari mnitumie kabla hamjaandika mstari wowote wa programu. Nataka kuona wa kwanza alikwama dakika ya ngapi.